Chupa Zisizomjua Mpishi: Asali, Shira na Vyombo Vyake

Kila kinachonata jikoni kwangu hufika ndani ya chombo kilichochaguliwa na mtu asiyeoka. Asali huja kwenye dumu la mafuta ya kula lililooshwa. Maziwa mazito huja kwenye kopo lisilo na mdomo. Sirapu ya dukani huja kwenye bati ambalo mfuniko wake hubanduliwa kwa mpini wa kijiko, na asali ya tende kutoka Maskati huja kwenye chupa ndefu yenye shingo nyembamba kama ya marashi. Aliyechagua dumu aliwaza safari ya basi. Aliyechagua bati aliwaza meli na rafu ya duka. Mtu aliyesimama na kijiko mkononi, siagi inayeyuka na oveni imeshapata moto, hakuwamo kwenye hesabu za yeyote kati yao.

Ninaoka nyumbani, Dar es Salaam. Nilianza kwa ajili ya watoto, siku hizi napokea na oda za mtaani. Na kadiri ninavyooka ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ugomvi wetu na vitu vinavyonata ni ugomvi na vyombo. Asali ina tabia zake, ndiyo, lakini zote zinatabirika: ikipata joto inalegea, ikipata maji inaachia, ikiharakishwa inagoma. Chombo ndicho kinachokutoa jasho. Kwa hiyo nyumba hii ina kanuni moja isiyo na msamaha: kinachonata hakilali usiku wa kwanza katika chombo kilichokuja nacho. Kinahamishiwa kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana, ile ambayo mkono wa mtoto unapita mpaka chini. Chupa za jamu, za siagi ya karanga, za achari, zote hapa ni mali. Hazitupwi.

Kuhamisha kwenyewe lakini kuna mambo yake, na dumu ndilo linalosumbua wengi.

Asali ninayoipenda hutoka Tabora na Singida, kwenye misitu ya miombo. Anayetuma huweka kipande cha nailoni kwenye mdomo wa dumu, akakaza kizibo juu yake, mwingine huongeza kufunga kwa mpira wa baiskeli, kisha dumu likalazwa kwenye buti la basi pamoja na magunia ya karanga. Kwa safari, sijaona kifungashio kinacholishinda. Linabanwa, linakanyagwa, linapigwa jua kutwa nzima, na linafika kavu. Shida inaanza ukishalifikisha jikoni. Mdomo wa dumu uko pembeni, na mkono wake una uwazi ndani. Asali inaingia kwenye ule mkono na kujificha humo. Ukiliinamisha dumu kama unavyomimina maji, mdomo ukiwa upande wa chini, asali inatoka kwa mafungu: kimya, bonge, kimya, kisha bonge jingine juu ya meza.

Hapo kinachokosekana ni njia ya hewa. Asali haiwezi kutoka mpaka hewa iingie kushika nafasi yake, na kwa kuwa mlango ni mmoja, inabidi wapishane. Maji humpisha mwenzake haraka. Asali ni nzito, povu la hewa linapanda ndani yake polepole, na wewe unayetikisa dumu kwa hasira unazidi kuvuruga foleni. Ligeuze dumu. Linapoinama, mdomo uwe upande wa juu, sehemu ndefu ya dumu iwe chini yake. Sasa asali inapita nusu ya chini ya mdomo kama utepe, na hewa inaingia nusu ya juu bila kugombana na mtu. Ni jambo dogo, hata wauza mafuta ya taa walikuwa wakilifanya bila kufundishwa, lakini nimewaona wapishi wazuri wakipambana na dumu kwa upande usio wake.

Kwa chupa ya shingo nyembamba, tumia mrija wa soda. Ziba ncha yake ya juu kwa kidole, utumbukize mpaka karibu na kitako cha chupa, kisha inamisha chupa na uachie kidole. Kidole kinazuia asali isijae mrijani wakati unashuka, na ukishaachia, hewa ina njia yake ya peke yake. Mama zetu walilijua hili kwa maziwa ya kopo: tundu moja la kumiminia, jingine upande wa pili la kupumulia. Aliyetoboa moja tu alisubiri mpaka chai ikapoa.

Joto sasa. Asali ikitoka nyuzi 20 za Selsiasi kwenda 40 inalegea mara kadhaa, si kidogo tu. Ndoo ya maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kuvumilia ndani yake inatosha: dumu likae humo nusu saa, kizibo kimelegezwa, maji yabadilishwe yakipoa. Mchana wa Dar hata ndoo haihitajiki, dumu liache juani. Usichemshe. Asali iliyopikwa hupoteza harufu yake, na harufu ndiyo uliyolipia, vinginevyo ungenunua sukari. Maji yanayochemka pia hulikunja dumu la plastiki, ukabaki na asali ya moto ndani ya kitu kisichosimama.

Nina ndugu Njombe. Wao matatizo yao ni mengine. Baridi ya Juni na Julai kule inaifanya asali iwe ngumu kama samli ya asubuhi, yaani kijiko kinasimama. Kama sehemu nne kati ya tano za asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na maji ni kama asilimia 18 tu. Glukosi ni nyingi kuliko maji hayo yanavyoweza kuibeba, kwa hiyo siku yoyote iko tayari kujitenga na kuwa punje. Nyuzi 14 hivi ndizo zinazoiharakisha zaidi, na hizo ndizo nyuzi za nyanda za juu kusini wakati wa kipupwe. Dumu lilelile likishuka Dar linakaa miezi bila kuganda.

Hapa lazima niseme jambo, maana limeharibia wafugaji wa nyuki jina bure. Watu wengi mjini wakiona asali imeganda wanasema imechakachuliwa. Wanaona punje, wanasema ni sukari ya dukani. Punje hizo ni glukosi ya asali yenyewe, na asali safi kabisa huganda. Nyingine huganda upesi, nyingine taratibu, kutegemea maua ambayo nyuki waliyatembelea. Ukiirudisha kwenye maji ya uvuguvugu inafunguka. Na kwa kuoka, sijali kama imeganda: nachota kwa kijiko kama siagi, haichuruziki, haichafui mdomo wa chupa, naipiga moja kwa moja na siagi na mayai. Kwa kweli asali iliyoganda ndiyo rahisi kuliko zote, ilimradi iwe kwenye chupa ya mdomo mpana. Ikigandia ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kuitoa ni kazi ya nusu siku, au ukate chupa kwa kisu.

Asali ya nyuki wadogo ni habari tofauti. Ni nyepesi, ina uchachu, ina maji mengi, mara nyingi robo ya uzito wake au zaidi, na bei yake si ya kuchezea. Hiyo siiokei. Kuipeleka kwenye keki ni kuipotezea njia.

Pwani yetu ina mtego wake pia. Asali hunywa unyevu kutoka hewani. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 60 hivi, asali iliyo wazi huanza kuvuta maji badala ya kuyaachia, na hewa ya Dar inapita hapo siku nyingi za mwaka. Maji ndani ya asali yakizidi asilimia 20, chachu inaamka. Utasikia kizibo kinapumua ukikifungua, na juu kuna povu jembamba. Ndiyo maana chupa ya kioo nayosema iwe na mfuniko unaokaza, na mdomo wake ufutwe kwa kitambaa chenye maji moto kila ukimaliza. Ule utando wa asali uliobaki kwenye nyuzi za mfuniko ndio unaoufanya mfuniko ugome kesho yake, na ndio unaowaita sisimizi.

Sisimizi! Nyumba nyingine wananyunyizia dawa, nami siwezi kunyunyizia dawa mahali ninapokandia unga. Chupa zangu zinakaa ndani ya sahani yenye maji kidogo, basi. Hawaogelei. Maji yabadilishwe yakianza kuwa na vumbi, maana vumbi huwa daraja.

Kuna suala la kipimo, na hili linahusu pesa. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4. Maana yake dumu la lita 5 lililojaa lina kama kilo 7. Ukiuziwa kwa kilo na kupimiwa kwa lita, au kinyume chake, kuna mtu anapata na kuna mtu anakosa, kwa hiyo uliza mapema: dada, hii bei ni ya kilo au ya lita? Kwenye mapishi mtego ni uleule. Kikombe cha mililita 240 kinabeba kama gramu 340 za asali, na pishi linalotaka gramu 240 si kikombe. Mimi nilishaachana na vikombe kwa vitu vinavyonata. Naweka bakuli juu ya mizani, nabonyeza isome sifuri, namimina humohumo. Hakuna kikombe cha kukwangua wala cha kuosha. Na kama kilicho kwenye bakuli hakiwezi kupanda mizani, naweka chupa ya asali juu ya mizani badala yake, nabonyeza isome sifuri, kisha kila ninachochota kinaonekana kama upungufu: ikisoma hasi 100, gramu 100 zimeshaondoka. Asiye na mizani apake kikombe mafuta kwanza. Kama pishi lina mafuta, apime mafuta kwa kikombe hicho, ndipo apime asali. Itateleza yote.

Bati la sirapu nalo. Kwa wasiolijua, ni ile sirapu ya rangi ya dhahabu inayotokana na usafishaji wa sukari ya miwa, ambayo vitabu vya mapishi vya Kiingereza huitaja kila baada ya kurasa mbili, kwenye biskuti za tangawizi na keki za mvuke. Iliyo maarufu zaidi ni ya Lyle. Abram Lyle, Mskoti, alijenga kiwanda cha sukari Plaistow, mashariki ya London, mwanzoni mwa miaka ya 1880, na sirapu ile ilianza kama mabaki ya kazi, ikiuzwa kutoka kwenye mapipa ya mbao kwa wafanyakazi na wenyeji. Bati lilikuja 1885. Picha iliyo juu yake ni ya simba aliyekufa na nyuki wakimzunguka, kutoka kitendawili cha Samsoni katika kitabu cha Waamuzi: utamu uliotoka kwa mwenye nguvu. Watunza rekodi wa Guinness wameitambua kuwa chapa iliyokaa muda mrefu zaidi duniani bila kubadilika sura, na hata mwaka 2024 kampuni ya Lyle ilipozichorea chupa za plastiki nembo mpya, bati la zamani ililiacha na simba wake.

Nawapongeza kwa simba. Ila mabati ya namna hiyo, ya kampuni yoyote ile, yamefungwa kwa mtindo wa kopo la rangi ya nyumba: mfuniko unakandamizwa ndani ya mfereji unaozunguka mdomo. Kila ukichota, tone linaingia kwenye mfereji. Ukifunga, umegundisha. Mafundi rangi hutoboa matundu kwa msumari ndani ya mfereji ili rangi irudi ndani ya kopo, na nimemsikia mtu akishauri tufanye hivyo kwa sirapu. Kwa nchi isiyo na sisimizi huenda. Mimi nahamisha kwenye kioo siku hiyohiyo, na bati naliwekea mdalasini wa vijiti, maana ni zuri mno kutupa. Ukitaka kulipasha moto, fungua mfuniko kwanza. Bati lililofungwa likichemka ndani ya sufuria hujaa mgandamizo, na sirapu ya moto ikimrukia mtu inanata kwenye ngozi ikiendelea kuunguza.

Nimetaja asali ya tende. Shemeji yetu yuko Maskati na kila akija huleta. Nyeusi, nzito, ina ladha ya moshi kidogo, na kwenye keki ya tangawizi inaishinda sirapu ya Waingereza kwa mbali. Chupa yake ndiyo mbaya. Lakini nilipoanza kusoma habari za asali hii nilikuta kwamba watu wa kale wa Ghuba walikuwa na chombo chake, na chombo chenyewe kilikuwa chumba. Ndani ya ngome ya Jabrin, iliyojengwa na Imamu Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi karne ya 17, kuna ghala la tende lenye sakafu iliyochongwa mifereji. Magunia ya tende yalipangwa moja juu ya jingine, uzito wa ya juu ukakamua ya chini, joto la Omani likalegeza, na asali ikatiririka yenyewe kwenye mifereji mpaka kwenye mtungi. Vyumba vya namna hiyo, vinavyoitwa madbasa, vimefukuliwa pia katika Ngome ya Bahrain. Hakuna shingo nyembamba, hakuna kukamua kwa kidole gumba. Kilichotumika ni uzito, joto, mteremko na mdomo mpana. Na huko Nizwa, kwenye ngome ya baba yake Bil'arab, wageni huoneshwa matundu juu ya milango na kuelezwa kuwa asali ya tende iliyochemka ilimwagiwa maadui kupitia hapo. Yeyote aliyewahi kurukiwa na shira anajua hiyo ilikuwa silaha ya kweli. Ukoo huohuo, chini ya Imamu Saif, nduguye Bil'arab, ndio ulioitwaa Ngome ya Yesu Mombasa kutoka kwa Wareno mwaka 1698. Sijui kama walikuja na tende, lakini ningeshangaa kama hawakuja nazo.

Chupa ya plastiki ya kuminya, inayosimama kichwa chini, naikubali. Hiyo ni moja ya chache zilizobuniwa na mtu aliyewaza mkono unaomimina. Siri yake ni kile kisilikoni kidogo chenye mkato wa msalaba kwenye mdomo: ukiminya kinafunguka, ukiachia kinajifunga na kukata tone. Kilitoka kwa Paul Brown, mwenye karakana ya kutengeneza vitu kwa kalibu huko Midland, Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwanza kilitumika kwenye shampuu kabla Heinz hawajakipeleka kwenye chupa za tomato zilizopinduliwa mwaka 2002. Ukimaliza ya dukani, usiitupe. Ioshe, ijaze shira. Huko chuo kikuu cha MIT, Marekani, nako, Kripa Varanasi na mwanafunzi wake Dave Smith walitengeneza rangi ya utelezi ya kupakwa ndani ya chupa ili kisibaki kitu, wakaanzisha kampuni ya LiquiGlide mwaka 2012. Video yao ya tomato ikiteleza kutoka kwenye chupa bila kuacha alama inaburudisha. Kwetu bado tunatumia maji ya moto kidogo, tunatikisa, tunaweka kwenye chai.

Shira ndiyo inayonipa raha kuliko vyote hivi, labda kwa kuwa haina kifungashio. Unaitengeneza mwenyewe, ndani ya sufuria yako.

Mwalimu wangu wa shira ni shangazi yangu wa Tanga, ambaye kaimati zake mwezi wa Ramadhani hununuliwa kabla hazijatoka kwenye mafuta. Vipimo vyake ni vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, iliki iliyopondwa, na zafarani kama ipo. Maji ya ndimu, kijiko kimoja cha chai, hayakosekani. Watu hudhani ndimu ni ya ladha. Ndimu ni ya kuzuia shira isirudi kuwa sukari. Asidi yake pamoja na moto huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa sukari za aina tatu hauna umoja wa kuganda. Ukiona shira yako inapoa na kuwa na tabaka la mchanga juu, uliinyima ndimu au uliikoroga. Sukari ikishayeyuka yote, usikoroge tena. Na zile punje zinazorukia ukutani mwa sufuria zisukutue kwa brashi yenye maji, maana punje moja ikianguka ndani inawaita wenzake.

Shangazi hana kipimajoto. Anachovya kidole gumba na cha shahada kwenye tone lililopoa juu ya sahani, anavitenganisha, anatazama uzi. Kwenye kipimajoto changu uzi huo ni nyuzi 106 hadi 112. Uzi mfupi unaokatika ni shira ya basbusa, inayotakiwa kupenya. Uzi unaovutika ni shira ya kaimati na visheti, inayotakiwa kushika nje na kukauka. Nilimwuliza siku moja kama kipimajoto hakingemrahisishia. Akanitazama. "Mwanangu, kikivunjika utapika na nini?"

Kwa basbusa, kimoja kiwe cha moto na kingine kimepoa. Mimi humwaga shira iliyopoa juu ya keki inayotoka oveni, kidogo kidogo, kuanzia pembeni, kwa sababu katikati hujinywea yenyewe. Vikiwa vyote vya moto, keki inakuwa uji. Vikiwa vyote vya baridi, shira inabaki juu inakutazama.

Kuosha sufuria ya shira hakuhitaji nguvu, na namwonea huruma kila anayeisugua kwa steelwire. Maji ya nyuzi 20, lita moja, huyeyusha kilo mbili za sukari. Yakichemka, hubeba karibu kilo tano. Kwa hiyo jaza maji, rudisha jikoni, subiri. Mwiko na kijiko vilivyonata vitumbukize humohumo. Shangazi hayamwagi yale maji, huyatumia kwenye uji wa jioni, na iliki inakuwa tayari imo.

Wanaotaka kuweka asali mahali pa sukari kwenye keki ya kawaida, kwa kifupi: badala ya kikombe cha sukari weka robo tatu ya kikombe cha asali, punguza maji au maziwa kwa vijiko vitatu hivi vya chakula, ongeza robo kijiko cha chai ya bekingi soda kupoza asidi ya asali, na shusha oveni nyuzi 15. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Fruktosi huanza kuungua karibu na nyuzi 110, wakati sukari ya kawaida huvumilia mpaka 160 hivi, ndiyo maana keki ya asali huwa nyeusi juu kabla katikati haijaiva. Keki yenyewe lakini inakaa laini siku nyingi, kwa sababu ileile ya asali kuvuta unyevu. Na watoto chini ya mwaka mmoja wasipewe asali, hata ya kulamba kijiko.

Nikishaanza kuuza, nami nikawa mfungashaji. Kaimati haziendi kwenye kopo la plastiki la mfuniko. Mvuke unajikusanya juu, unadondoka, unayeyusha shira, na mteja anafungua anakuta supu. Zipoe kabisa, ziingie kwenye boksi la karatasi lililotandikwa bata pepa, mfuniko usibanwe. Basbusa inasafiri ndani ya trei ya foili iliyookewa, imeshakatwa, na kijana wa bodaboda anaambiwa aishike bapa, si kuitundika kwenye usukani. Shira ya ziada naiweka kwenye chupa ndogo ya kioo ya mdomo mpana, na chupa ina amana ya shilingi elfu moja, mteja akirudisha anarudishiwa.

Hawarudishi. Juzi nilimpigia mmoja kumkumbusha, mama wa mtaa wa pili, mteja mzuri. Akacheka. "Dada, ile chupa nimeshaitia achari ya embe, inaingia mkono mzima. Chukua tu hiyo elfu yako, na wiki ijayo unitilie shira kwenye kubwa zaidi."